Mashine Ipo, Kazi Bado: Historia ya Kompyuta ya Kwanta

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Mwaka 1990, uwanjani Kasarani, umma ukaonyeshwa gari lililopewa jina Nyayo Pioneer. Lilikuwa na injini, lilikuwa na usukani, na lilikwenda. Yaliundwa matano ya majaribio, lakini halikufika sokoni kamwe. Aliyesema Kenya imeunda gari alisema kweli. Aliyesema hakuna gari la Kenya la kumfikisha abiria Namanga naye hakudanganya.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Noonkopir hunikumbusha gari hilo tunapofika mada ya athari ya mwanga kwenye metali, mahali wanapokutana na namba ya Planck. Hapo mkono huinuka. "Mwalimu, hii kompyuta ya kwanta iko kweli, ama ni stori tu za mtandao?" Ni swali la haki. Wamesikia kwamba kuna mashine inayozishinda kompyuta zote duniani, na wamesikia pia kwamba ni uongo wa kampuni zinazotafuta mitaji. Wengine wameona hata watu wa tiba mbadala wakimpa mgonjwa kijiti cha chuma akishike, halafu mashine inamtolea orodha ya maradhi yake yote kwa jina la kwanta. Kifaa hicho hakihusiani kabisa na habari hii, na asiwepo wa kutoa pesa yake kwa ajili yake.

Jibu langu huchukua kipindi kizima, kwa sababu tangu mwaka 2001 mashine hii imetangazwa kuwa imefika zaidi ya mara moja, na kila tangazo lilikuwa na ukweli wake na mipaka yake.

Mbegu ilipandwa Berlin, Desemba 1900, Max Planck alipoeleza kwamba nishati hutolewa kwa vipande vidogo mno na si kwa mtiririko. Katika miaka 30 iliyofuata wanafizikia wa Ulaya walijenga juu ya wazo hilo nadharia nzima, na nadharia hiyo ndiyo iliyotuzalia transista, leza na simu iliyo mfukoni mwako. Hata kompyuta kuukuu ya saibani hutegemea sheria za kwanta. Ila sheria hizo zimefungiwa ndani ya transista. Hesabu yenyewe ni ya sifuri na moja tu. Wazo la kuziachia sheria zenyewe zifanye hesabu lilichelewa miaka 80.

Mei 1981, katika jumba la Endicott karibu na Boston, Marekani, wanafizikia na wataalamu wa kompyuta walikutana katika kongamano lililoandaliwa na chuo cha MIT na kampuni ya IBM. Richard Feynman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965, alisimama na hoja iliyokuwa rahisi kusema na ngumu kukwepa. Ukitaka kuiga mwenendo wa chembe za kwanta ndani ya kompyuta ya kawaida, kila chembe unayoongeza huzidisha kazi mara mbili. Chembe 50 zenye hali mbili mbili zinahitaji namba zaidi ya trilioni 1,000 ili kuelezwa kikamilifu. Chembe 300 zinahitaji namba nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu tunaouona. Hakuna kompyuta ya kawaida itakayojengwa ikazimudu. Basi, alisema Feynman, kama maumbile ni ya kwanta, tujenge mashine ya kuyaiga ambayo nayo ni ya kwanta.

Hakuwa peke yake. Mwaka mmoja kabla, Paul Benioff huko Marekani na Yuri Manin huko Moscow walikuwa wamegusa wazo lilelile. Mwaka 1985 David Deutsch wa Oxford akaandika kanuni za mashine ya jumla ya aina hiyo, inayoweza kupewa programu yoyote. Mpaka hapo hakukuwa na chuma, waya wala taa. Kulikuwa na karatasi.

Biti ya kawaida ni sifuri au moja. Biti ya kwanta, wanayoiita kyubiti, inaweza kuwa mchanganyiko wa vyote viwili hadi ipimwe. Ikishapimwa, inajibu kimoja tu. Watu wengi huishia hapo na kusema kwamba mashine hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja. Sivyo. Ingekuwa hivyo tu, ungeipima ukapata jibu moja la kubahatisha, na kazi yote ingekuwa bure. Tupa mawe mawili kwenye silanga tulivu utazame viwimbi vinapokutana: mahali pengine maji huinuka zaidi, mahali pengine viwimbi huuana na maji yakabaki sawa. Ufundi wa kompyuta ya kwanta ni kupanga hesabu ili mawimbi ya majibu yasiyo sahihi yauane, na ya jibu sahihi yajazane. Kwa maswali mengi hakuna anayejua namna ya kupanga hivyo. Kwa machache inajulikana. Ndiyo maana mashine hii, hata ikikomaa, haitafungua video haraka zaidi wala haitachukua nafasi ya kompyuta ya ofisini.

Moja ya maswali hayo machache lilipatikana mwaka 1994, na likabadilisha kila kitu. Peter Shor, mwanahisabati wa maabara za Bell huko New Jersey, alionyesha kwamba mashine ya kwanta ingeweza kutafuta vigawo vya namba kubwa kwa wepesi usiomithilika. Kwa mtu wa kawaida hilo ni zoezi la darasani: 15 ni 3 mara 5. Lakini tangu mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman walipobuni mfumo uitwao RSA, kufuli nyingi za mawasiliano ya siri duniani zimeegemea ugumu wa zoezi hilohilo. Chukua namba tasa mbili kubwa, uzizidishe, upate namba yenye tarakimu 617. Kuzidisha ni kazi ya sekunde. Kurudi nyuma, yaani kuzipata zile namba tasa mbili kutoka kwenye zao lake, hakuna kompyuta ya kawaida inayokaribia kuweza.

Hapa ndipo mtu wa Noonkopir anapoingia, apende asipende. Mji huu uliokua kando ya barabara ya Namanga umesimama juu ya karatasi na siri. Malisho ya ranchi ya kikundi ya Kitengela yaligawanywa kwa wanachama mwaka 1988. Baada ya hapo ardhi ikaanza kukatwa vipande na kuuzwa, ploti baada ya ploti, na nyuma ya kila ploti kuna hati ambayo mwenyewe anaiogopea, asije akatokea mwingine mwenye hati ya namba ileile. Mwaka 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuhamishia kumbukumbu za ardhi kwenye kompyuta. Benki tumezihamishia kwenye simu. Kila unapofungua tovuti ya benki au ya serikali, kompyuta mbili zinapeana funguo za siri, na kwa miaka mingi funguo hizo zimelindwa na RSA au na mfumo mwingine ambao Shor aliuvunja vilevile katika karatasi iyo hiyo.

Lakini aliuvunja kwenye karatasi tu. Tangu siku ile pesa za utafiti zilimiminika, hasa kutoka kwa majeshi na idara za ujasusi, na tangu siku ile swali la kama mashine ipo lilikoma kuwa la wanafalsafa.

Wenye shaka walikuwepo, na walikuwa watu wazito. Rolf Landauer wa IBM, ambaye maisha yake yote alichunguza mipaka ya hesabu na nishati, alipendekeza kwamba kila andiko kuhusu kompyuta ya kwanta libebe onyo kuwa huenda mashine isifanye kazi kabisa. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi. Kyubiti ni dhaifu ajabu. Joto kidogo, mtikisiko, wimbi la redio lililopotea njia, na hali yake inaharibika kabla hesabu haijakwisha. Mbaya zaidi, huwezi kuichungulia kuona kama imekosea, kwa sababu kuipima ni kuibomoa.

Shor mwenyewe ndiye aliyeleta jibu, mwaka 1995. Alionyesha jinsi ya kusambaza habari ya kyubiti moja katika kyubiti tisa, kisha kuuliza maswali ya ujanja yanayofichua kosa bila kufichua habari yenyewe. Miaka miwili haikupita, makundi kadhaa ya watafiti yakathibitisha kwamba makosa yakishuka chini ya kiwango fulani, kuongeza kyubiti kunapunguza makosa badala ya kuyaongeza. Nikiulizwa ni ugunduzi gani katika historia hii unaostahili heshima kuliko matangazo yote ya kampuni, nautaja huo. Bila huo, Landauer angekuwa ameshinda.

Chuma nacho kilianza kuonekana. Mwaka 1995 Christopher Monroe na David Wineland, huko Boulder, Colorado, walifanya hesabu ya kwanza ya kimantiki ya kwanta kwa ioni moja ya berili iliyonaswa katika ombwe kwa nguvu za umeme. Mwaka 2001, katika maabara ya IBM ya Almaden, California, kundi lililoongozwa na Isaac Chuang lilitumia kimiminika ndani ya bomba la kioo, chenye molekuli ambazo viini vyake saba, vitano vya florini na viwili vya kaboni, vilifanywa kyubiti. Wakaendesha kanuni ya Shor ya kutafuta vigawo. Jibu lilikuwa 3 na 5. Mashine iligawanya 15.

Wanafunzi hucheka nikifika hapo, na mimi huwangoja wamalize. Ilikuwa ni mara ya kwanza duniani kanuni hiyo kutoka kwenye karatasi na kuingia katika kitu kinachoshikika. Lakini miaka 11 baadaye, mwaka 2012, kundi jingine lilipotumia kanuni hiyohiyo kwa mwanga, lilifika 21. Kutoka 15 hadi 21 kwa miaka 11, huku kufuli ya benki ikiwa na tarakimu 617: hesabu hiyo inamwambia msomaji zaidi kuliko kichwa chochote cha habari.

Katikati ya miaka hiyo ikaibuka kampuni ya Canada, D-Wave, ambayo Februari 2007 ilionyesha mashine ya kyubiti 16 na kuitangaza kuwa ya kibiashara. Mwaka 2011 iliuza mashine ya kyubiti 128 kwa kampuni ya silaha ya Lockheed Martin. Kwa hiyo kompyuta inayoitwa ya kwanta ilinunuliwa na kulipiwa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Ila hiyo ilikuwa ya aina nyingine, inayotafuta hali yenye nishati ndogo katika tatizo moja la namna maalumu. Haiendeshi kanuni ya Shor. Mwaka 2014 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuipima dhidi ya kompyuta za kawaida, na katika maswali waliyoyatumia hawakuona dalili ya kasi ya ziada. Kampuni iliendelea, mashine zikakua, na mabishano hayajaisha.

Mei 2016 mlango ukafunguka kwa watu wa kawaida. IBM iliunganisha mashine ya kyubiti tano kwenye intaneti, na yeyote mwenye anwani ya barua pepe akaweza kuitumia bila malipo. Kampuni hiyo tayari ilikuwa na maabara ya utafiti Nairobi, katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 2013. Juni 2019 ilitangaza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg, cha kwanza Afrika katika mtandao wake wa kwanta, kiwe lango la watafiti wa vyuo vikuu 15 vya muungano wa ARUA, ambao ndani yake vimo Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Rwanda na Addis Ababa. Solomon Assefa, mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akiongoza maabara za IBM Afrika, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika kuueleza mpango huo. Kilichokuja kilikuwa njia ya kuzifikia mashine zilizoko Marekani. Mashine zenyewe zilibaki huko.

Nimewaonyesha vijana kazi hiyo kwa laptopu iliyounganishwa na bando la simu. Unachora mistari miwili, kila mmoja kyubiti yake. Katika mstari wa kwanza unaweka lango la Hadamard, linaloiacha kyubiti katikati ya sifuri na moja. Kisha unaweka lango linalozifunga mbili pamoja, ili jibu la moja lilingane na jibu la nyingine. Unabonyeza, unasubiri foleni, na mashine iliyoko New York inarudia kipimo mara maelfu. Nadharia inasema yatokee majibu mawili tu: zote sifuri, au zote moja, nusu kwa nusu. Ukirudi kwako mchoro wa matokeo, unakuta nguzo mbili ndefu, sawasawa na nadharia, na kando yake nguzo mbili fupi ambazo hazikutakiwa ziwepo kabisa: sifuri na moja, moja na sifuri. Hayo ni makosa ya mashine halisi, katika hesabu ya hatua mbili. Kuvunja kufuli ya benki kunahitaji hatua mabilioni. Kijana aliyeziona nguzo zile fupi kwa macho yake hadanganyiki tena kirahisi, si na msifiaji wala na mbezaji.

Na kwa nini mashine hizo ziko New York, si Konza, mji wetu wa teknolojia? Kyubiti za IBM na Google ni saketi za metali zinazopitisha umeme bila ukinzani, na zinataka baridi ya takriban digrii 0.015 juu ya sifuri halisi, yaani juu ya nyuzi joto -273.15. Anga la mbali lina joto zaidi ya hapo. Jokofu la kuzipooza hutumia heliamu ya aina adimu na huchukua siku nzima au zaidi kufika kwenye baridi hiyo. Sisi tunaoijua stima ya hapa inavyopotea jioni bila hodi tunaelewa upesi kwamba kununua mashine ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Google ilichapisha katika jarida la Nature habari iliyoitikisa dunia. Mashine yake Sycamore, yenye kyubiti 53, ilikuwa imefanya kwa sekunde 200 hesabu ambayo, walisema, kompyuta kuu kabisa ya kawaida ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM, mshindani wake, ilijibu kwamba kompyuta kuu ikipangwa vizuri ingetumia siku mbili na nusu. Mwaka 2022 wanasayansi wa China walichapisha njia iliyoifanya kazi hiyo kwa kompyuta za kawaida kwa saa zipatazo 15. Miaka 10,000 ikawa saa 15, bila mtu yeyote kudanganya. Wapinzani walizidi kuwa wajanja.

Jambo ambalo magazeti mengi hayakulieleza ni aina ya hesabu yenyewe. Sycamore ilipewa saketi iliyopangwa kwa kubahatisha na kutakiwa itoe namba za kubahatisha zinazolingana na saketi hiyo. Hakuna dawa iliyopatikana humo, wala mbolea, wala ratiba bora ya treni. Swali lilichaguliwa kwa sababu ni gumu kwa kompyuta ya kawaida na rahisi kwa Sycamore, na jibu lake halina matumizi. Nalitetea jaribio hilo kama sayansi. Ilikuwa lazima mtu ahakikishe kwamba maumbile hayaikatai mashine pale kyubiti zinapozidi 50, na Google ilihakikisha. Kuliita ushindi juu ya kompyuta zote ndiko kulikopotosha.

Mchezo ulijirudia Juni 2023. IBM ilichapisha kazi ya mashine ya kyubiti 127 iliyoiga mwenendo wa sumaku ndogo ndogo, ikasema hiyo ni dalili ya manufaa hata kabla ya kusahihisha makosa. Baada ya wiki chache watafiti wengine walipata majibu yaleyale kwa kompyuta za kawaida, wengine kwa laptopu.

Desemba 2024 ikaja Willow, mashine ya Google ya kyubiti 105. Magazeti yalishika tena mfano wa miaka isiyohesabika. Mimi nilishika jambo jingine. Wahandisi walipanga kyubiti katika mraba wa tatu kwa tatu, kisha tano kwa tano, kisha saba kwa saba, kila mraba ukilinda kyubiti moja ya kimantiki, yaani habari ya kyubiti moja iliyosambazwa katika nyingi. Na kila walipopanua mraba, makosa yalipungua kwa zaidi ya nusu. Yale yaliyothibitishwa kwa kalamu katika miaka ya 1990 sasa yalionekana kwenye chuma. Hata hivyo kyubiti hiyo iliyolindwa, kwa kutumia kyubiti karibu mia nzima, bado ilikosea takriban mara moja katika kila mizunguko 700 ya ukaguzi wa makosa. Kazi kubwa zinataka kosa moja katika mamilioni, au mabilioni.

Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa majaribio waliyoyafanya Berkeley katikati ya miaka ya 1980 yaliyoonyesha kwamba saketi nzima ya umeme, kitu cha kushikwa mkononi, inaweza kutii sheria za kwanta. Martinis ndiye aliyeongoza ujenzi wa Sycamore. Mwaka huohuo wa 2025 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, kwa azimio lililowasilishwa na Ghana. Nalitaja hilo kwa fahari, kwa kuwa wengi hawajui kwamba ni nchi ya Kiafrika iliyobeba hoja hiyo hadi New York.

Sasa mtu atauliza umbali uliobaki. Kipimo kizuri kimetoka kwa Craig Gidney wa Google. Mwaka 2019 yeye na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya tarakimu 617 kungehitaji kyubiti milioni 20 za ubora wa kawaida kwa saa nane. Mei 2025 Gidney akashusha makadirio: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Mashine bora za leo zina mamia ya kyubiti, moja mbili zimevuka elfu. Pengo ni kubwa, ila linazibwa kutoka pande zote mbili, mashine zikipanda na mahitaji yakishuka. IBM imetangaza kwamba inalenga mwaka 2029 kutoa mashine yenye kyubiti 200 za kimantiki. Ni ahadi ya kampuni, na naihesabu kama ahadi.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya mashine zilizotangulia kazi. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini humo, ya kampuni ya Uingereza ya ICT. Kompyuta ile ilikuwa halisi, na kwingineko zilikuwa zikifanya kazi. Lakini jaribio la kuziweka hesabu za serikali juu ya mashine lilileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo iliigharimu nchi miaka ya ujuzi. Makosa yalikuwa mawili, la kununua kabla ya kujua kazi na la kufunga mlango baada ya kuumia, na yote mawili yanaweza kurudiwa na kwanta. Kigali, AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ilichagua njia ya tatu ilipoanzisha Quantum Leap Africa: kufundisha watu kwanza.

Kwa hiyo huwajibu hivi wanafunzi wangu. Kompyuta za kwanta zipo, si stori. Zinaguswa, zinakodishwa, zinafanya hesabu ambazo kuziiga ni taabu kubwa. Kompyuta ya kwanta yenye manufaa, ile ambayo mkulima, daktari au mhandisi anaipelekea tatizo lake na kupata jibu ambalo kompyuta ya kawaida isingempa, hadi mwisho wa mwaka 2025 haikuwepo. Ukisikia imekuja, uliza imetatua tatizo gani la mtu aliye nje ya maabara, na nani amejaribu kulitatua kwa kompyuta ya kawaida akashindwa. Ninaamini itakuja, na kazi yake ya kwanza ya maana itakuwa ile ya Feynman, ya kuiga molekuli: kwa mfano kuelewa jinsi bakteria wa udongoni wanavyotengeneza mbolea ya naitrojeni bila joto kali la viwandani. Hilo lingemgusa kila mkulima anayehesabu bei ya gunia la mbolea.

Kuhusu pesa zenu, anayewaibia leo hana haja ya kwanta. Ni yule anayepiga simu akijifanya wa huduma kwa wateja na kuomba namba ya siri. Hatari ya kwanta ni ya siri zinazoishi muda mrefu. Anayenasa mawasiliano ya leo anaweza kuyaweka ghalani, akasubiri mashine ikomae, kisha ayafungue: rekodi za hospitali, mikataba ya serikali, siri za kesi. Hati ya ardhi nayo hukaa vizazi, na saini ya kidijitali inayoilinda inapaswa kudumu muda huohuo. Ndiyo maana wenye busara hawakungoja. Programu ya ujumbe ya Signal ilibadilisha kufuli zake mwaka 2023, na Apple ikafuata mwaka 2024.

Nawaomba basi wanaojenga mifumo yetu, walio Nairobi, walio Konza, na walio katika ofisi za kaunti hapa Kajiado: orodhesheni kufuli mnazozitumia na mpange kuzibadilisha wakati mashine bado haijafika. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya kufuli zilizobuniwa kuhimili kompyuta ya kwanta tarehe 13 Agosti 2024. Viko wazi kwa dunia nzima, na kuvisoma na kuvitumia hakuhitaji kununua mashine yoyote.